Haki ya Mgeni Kufundisha

Katika watu wote wanaoondoka makwao na kwenda kukaa katika nchi za watu, mmisionari ndiye ambaye haja yake ni ngumu zaidi kuieleza. Mfanya biashara huja kuuza na kununua, na mwenyeji humwelewa mara moja, maana naye ana chake cha kuuza. Askari huja kwa nguvu, na mwenyeji humwelewa vile vile, ijapokuwa kwa uchungu. Mwanachuoni huja kutafuta elimu, na aipatapo huenda zake. Lakini mmisionari huja na neno. Hakuitwa na mwenyeji. Aghalabu ni kijana ambaye ndevu zake hazijakomaa. Hajui lugha, hajui njia, hajui hata namna ya kuomba maji. Walakini adai kwamba analo jambo la kuwafundisha wazee walioketi barazani tangu kabla yeye hajazaliwa, jambo linalohusu uhai wao na mauti yao. Swali la insha hii ni hili: mgeni wa namna hiyo ana haki gani ya kufundisha?

Swali hili halijibiwi kwa kuuliza kama dini yake ni ya kweli au si ya kweli. Hata mwenye kweli mkononi aweza kuitoa kwa njia ya dhuluma, kama vile tabibu mwenye dawa njema asivyo na ruhusa ya kuvunja mlango wa mgonjwa. Wala halijibiwi kwa kutaja hesabu ya shule na hospitali zilizojengwa, kwa sababu wema wa mavuno si hati ya kumiliki shamba. Yatupasa kutazama mahali padogo zaidi, napo ni maisha yake ya kila siku: jinsi anavyoamka, anachokula na nani aliyempikia, anavyojifunza kutamka, anavyougua na nani anayemwuguza. Humo ndimo haki yake inamopatikana, na humo ndimo inamopotea.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja ambaye habari zake zinajulikana sana. Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1846, umri wake miaka 26. Alimkuta Ludwig Krapf, aliyemtangulia kwa miaka miwili, na ambaye alikwisha kumzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga katika mwaka 1844, miezi michache tu tangu kufika kwao. Mwaka ule ule wa 1846 wale wawili, wote wakiwa wamedhoofishwa na homa, walihamia Rabai, kwa watu ambao leo tunawaita Wamijikenda. Mtu afikiriye kwamba siku ya mmisionari ilijaa mahubiri atashangaa akijua kazi yao kubwa ilikuwa nini. Ilikuwa kusikiliza. Hawakuwa na kitabu cha sarufi mkononi wala kamusi. Kila neno ilibidi liombwe kwa mwenyeji, lirudiwe, lichekwe, lisahihishwe, liandikwe. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilipigwa chapa London mwaka 1882, naye mwenyewe alikwisha kufa mwaka uliotangulia. Umri mzima wa mwalimu ulikuwa umekwenda katika uanafunzi.

Yako mambo mawili katika maisha ya Rebmann yanayofaa kuwekwa mbele ya kila kijana anayefunga safari kama hiyo. La kwanza ni habari ya mlima. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchagani pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri, Rebmann aliona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi juu ya kile cheupe, jibu alilopewa lilikuwa kwamba ni baridi. Habari zilipofika Ulaya, Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London ambaye hakupata kuikanyaga nchi hii, alizikana na kumdhihaki aliyezileta. Basi tazama: neno moja la mtu wa pwani lilikuwa na elimu ambayo maktaba nzima ilikuwa haina. Mgeni alikuwa na hiari ya kumsadiki mwenyeji na macho yake mwenyewe, au kuwasadiki wakubwa wa kwao. Alimsadiki mwenyeji.

La pili ni kubwa kuliko la kwanza, ingawa halikuletea mtu sifa. Huko huko pwani Rebmann alijifunza lugha ya watu wa Nyasa, akaitungia kamusi iliyochapishwa mwaka 1877, baada ya kufa kwake. Mwalimu wake alikuwa Salimini, mtu wa nchi za Nyasa aliyeletwa pwani kwa utumwa. Fikiri juu ya jambo hili. Katika mizani ya dunia ya siku zile, mtumwa alihesabiwa kuwa bidhaa. Juu ya jamvi la somo alikuwa mwalimu, na Mzungu msomi alikuwa mwanafunzi asiyejua kitu. Hapana hotuba juu ya usawa wa binadamu inayoweza kusema zaidi ya hayo. Na kama Rebmann alihubiri kwamba watu wote ni wa thamani mbele ya Mungu, basi saa ile ya somo ndiyo iliyomwonyesha kama yeye mwenyewe alilisadiki neno lake.

Kutoka katika mifano hii napenda kuchota kanuni moja. Mgeni hapati haki ya kutoa mpaka amekubali kupokea. Wahenga wetu walikwisha kuliona hili waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii watu huidhani kuwa ya ubahili, lakini undani wake ni heshima. Siku mbili mgeni hula kwa jasho la mwenyeji, na kwa siku hizo hujua kwamba anadaiwa. Siku ya tatu hupewa jembe, na kwa jembe lile huingizwa katika hesabu ya watu wa mji. Asiyekula siku mbili za kwanza hawezi kupewa jembe siku ya tatu. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alieleza kwamba katika mila za mataifa mengi zawadi huambatana na wajibu wa kuipokea na wajibu wa kuilipa; na kwamba yule atoaye siku zote bila ya kulipwa hujiweka juu ya mwenziwe. Ndiyo kusema kwamba mtoaji asiyepokea ni mtawala, hata kama uso wake una tabasamu na mkono wake una dawa. Humfanya mwenyeji kuwa mwombaji katika nyumba yake mwenyewe.

Kanuni hii haikutoka nje ya dini ya mmisionari. Imo ndani ya kitabu anachokibeba. Injili inasimulia kwamba Yesu alipokutana na mwanamke Msamaria kisimani, aliomba kwanza maji ya kunywa, kisha ndipo alipofundisha. Na alipowatuma wanafunzi wake wawili wawili aliwazuia wasichukue mfuko wala fedha, akawaagiza wale kile watakachoandaliwa na wenyeji. Watu wengi huyasoma maagizo haya kama mafunzo ya umaskini. Mimi nayaona kuwa mafunzo ya deni. Mjumbe alitumwa akiwa mtupu ili asiweze kufika mahali popote bila ya kuhitaji mtu. Mmisionari aliyejitosheleza kwa makasha ya vyakula na ukuta mrefu amefika kimwili, lakini kwa hukumu ya kitabu chake mwenyewe bado hajafika.

Hapa msomaji mwenye hadhari aweza kuniuliza: je, kupokea huku hakuwezi kuwa chambo? Mvuvi naye humpa samaki kitu, lakini hampendi. Kijana aweza kujifunza lugha, kula ugali, kuvaa kanzu na kucheka na watoto, huku moyoni akihesabu nafsi za kuvuliwa. Shaka hii ni ya haki, na haifukuzwi kwa maneno matamu. Dalili ya kumpambanua rafiki na mvuvi ni moja: hufanya nini neno lake linapokataliwa? Mvuvi asiyepata samaki huhama bandari. Rebmann alikaa miaka 29 katika pwani hii, waongofu wake wakiwa wachache mno, na mwaka 1875 alirudi kwao akiwa kipofu. Wako waliomhesabu kuwa mtu aliyeshindwa. Mimi nasema kwamba kukaa kwake kulikuwa ushahidi: alipokosa mavuno hakuwageuzia watu kisogo. Upendo unaongoja malipo hukoma malipo yanapochelewa. Uliobaki baada ya hapo ndio uliokuwa upendo tangu mwanzo.

Walakini iko pingamizi nyingine nzito zaidi, na insha isiyoigusa haikufanya kazi. Mgeni aweza kuondoka, mwenyeji hawezi. Mgeni ana kwao kunakomngojea, ana ubalozi au chama kinachomwulizia, ana jina katika magazeti. Mwenyeji aliyelipokea neno lake hubaki na neno lile katikati ya jamaa zake, mahakama zake na mfalme wake. Je, ni halali kumtia mtu katika hatari ambayo wewe mwenyewe waweza kuikwepa?

Jambo hili si la kubuni. Alexander Mackay, Mskochi fundi wa mitambo, alifika Buganda mwaka 1878 kabla hajatimiza miaka 30. Siku zake alizitumia katika kufua chuma, kupasua mbao, kutengeneza mashine ya chapa na kufundisha kusoma. Katika jumba la Kabaka Mutesa alisoma Injili kwa Kiswahili, lugha iliyoeleweka pale kwa ajili ya biashara ya pwani. Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala Mwanga. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu waliohusiana na misheni ya Mackay waliuawa kwa moto. Katika miaka ya 1885 hadi 1887 waliuawa wengine wengi, Waprotestanti na Wakatoliki, na siku iliyo maarufu zaidi ni tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo. Katika hao 22 waliokuwa Wakatoliki walitangazwa kuwa watakatifu mwaka 1964. Mackay alitishwa, alizuiliwa, alifukuzwa mwaka 1887. Lakini hakuchomwa moto. Wanafunzi walikufa, mwalimu akabaki.

Mtu aweza kumtetea kwa kusema kwamba naye hakurudi kwao. Ni kweli. Alihamia Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, akaendelea na kazi mpaka homa ilipomwua mwezi wa Februari 1890; tangu alipotoka Uingereza mwaka 1876 hakupata kuiona tena. Utetezi huu una uzito. Mtu aliyekataa kuitumia njia yake ya kuondokea amejaribu, kwa kadiri awezavyo mgeni, kushiriki katika hatari ya mwenyeji. Lakini hautoshi. Kushiriki hatari si ruhusa ya kuwatia wengine hatarini.

Jibu la kweli, kwa rai yangu, hatulipati kwa mmisionari. Twalipata kwa wenyeji. Mwezi wa Novemba 1882 mapadre wa Kikatoliki walioitwa Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wakavuka ziwa, wakakaa kusini yake muda wa miaka miwili na zaidi. Kama imani ile ilikuwa mali ya wageni, ingaliondoka pamoja nao. Haikuondoka. Baganda wenyewe, watu kama Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa na Matia Kalemba, waliwakusanya wenzao, wakafundishana, wakaonyana, wakatunza wagonjwa. Na mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta kundi limekuwa kubwa kuliko walivyoliacha. Basi vijana waliosimama mbele ya Mwanga hawakusimama kwa ajili ya jambo la Mzungu. Kusema kwamba walikufa kwa kudanganywa na mgeni ni kuwaua mara ya pili, kwa kuwanyima akili na hiari waliyokuwa nayo. Walikuwa wamelipima neno, wamelichukua, wamelifanya lao. Mgeni aliacha mbegu. Shamba, jasho na mavuno vilikuwa vyao.

Kwa hiyo swali la hatari hugeuka kuwa swali la hiari. Hapana mwenye haki ya kumtia mwingine hatarini, ila kila mtu mzima ana haki ya kuichagua hatari yake akiijua. Wajibu wa mgeni ni kulinda hiari ile kama mboni ya jicho. Na hapa ndipo historia ya misheni ina doa ambalo halifai kufunikwa. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere walifika Unguja, na Sultani akawapa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Baadaye, kuanzia mwaka 1875, watumwa waliokombolewa baharini walikaa Freretown, karibu na Mombasa, chini ya uangalizi wa misheni. Ukombozi ule ulikuwa tendo jema lisilo na ubishi. Lakini mtoto asiye na mama wala mji, anayelishwa, kuvikwa na kufundishwa na mkono mmoja, atawezaje kuukataa ule mkono anapoletewa dini? Ubatizo wake waweza kuwa wa kweli. Wengi wao walidhihirisha hivyo kwa maisha yao yote. Hata hivyo mhubiri hakuwa na njia ya kujua, maana hakumwachia msikilizaji mlango wa kutokea. Mahali ambapo mkate na neno vimo katika sahani moja, njaa huitikia kabla ya moyo.

Mashaka haya hayakuisha na karne ile. Leo vijana wengi hutumwa ughaibuni kwa muda uliopimwa. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao yake makuu Salt Lake City, kijana wa kiume aweza kutumwa akiwa na umri wa miaka 18, kwa taratibu iliyowekwa mwaka 2012, naye hutumika miezi 24 bila ya mshahara. Hachagui nchi aendayo wala mwenzi wa kutembea naye, na hutembea wawili wawili kutoka asubuhi mpaka usiku. Mpaka mwaka 2019 mazungumzo yake ya simu na wazazi yalikuwa ya nadra. Tangu mwaka huo huweza kuzungumza nao kila wiki. Kuna ambao huwacheka vijana hawa kwa mashati yao meupe na milango mingi wanayofungiwa. Mimi naona katika mlango unaofungwa heri ambayo Freretown haikuwa nayo: mwenye nyumba alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Na kuishi mchana na usiku na mwenzi usiyemchagua ni chuo cha maadili ambacho wengi wetu, tunaochagua rafiki kama tuchaguavyo nguo, hatukukipitia. Lakini miezi 24 ni kipimo kifupi. Anayeijua tarehe ya kuondoka kwake tangu siku ya kufika yampasa kuwa mpole sana katika kuwashauri watu ambao hawana tarehe.

Kadhalika safari hazitoki tena upande mmoja. Shirika la mapadre la Mitume wa Yesu lilianzishwa Moroto, Uganda, mwaka 1968, ili Waafrika nao wapeleke neno, na baadhi ya watu wake wamevuka bahari mpaka Marekani. Hapa mizani imepinduka. Mgeni sasa ndiye mnyonge: anahitaji hati ya kukaa, koti la baridi, na subira kwa wanaomwambia kwamba matamshi yake hayaeleweki. Kupokea si shida kwake, maana hana budi. Majaribu yake ni kunyamaza, kujiona ombaomba, kuamini kwamba mtu aliyetoka katika nchi isiyo na fedha hana la kumpa mwenye fedha. Na majaribu ya mwenyeji ni kumhurumia tu: kumpa koti, kumpiga picha, kutosikiliza mahubiri yake. Kumbe kanuni yetu humfunga mwenyeji pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Na mwenyeji hawezi kupona kama hakubali kwamba alikuwa na maradhi. Tajiri asiyeweza kupokea neno kwa padre kijana wa Kiafrika ana upungufu ule ule wa mmisionari wa zamani aliyekataa kula chakula cha kijijini. Wote wawili wanapenda kutoa, na wote wawili wanaogopa kudaiwa.

Sasa twaweza kulijibu swali tulilolianza. Mgeni hana haki ya kufundisha kwa sababu ya kweli aliyo nayo, wala kwa ajili ya wema autendao, wala kwa kuwa ametumwa. Haki hiyo ni mkopo autoao mwenyeji, na mkopo huo una masharti matatu: mgeni awe mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu na asiache kuwa mwanafunzi baadaye, abaki kuwa rafiki neno lake likataliwapo, na asiweke neno lake mahali ambapo msikilizaji hawezi kulikataa. Masharti haya hayatimizwi siku ya kuwekewa mikono, mbele ya mkutano wa kwao. Hutimizwa Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha, mgeni akiwa na homa, na mama wa nyumba ya pili akimletea uji.

Uji ule akiupokea kwa mikono miwili, akajua jina la aliyeuleta na jina la mwanawe, basi amekwisha kuanza kuikopa haki yake. Akiurudisha kwa kuwa anao wa kopo kabatini, na afungashe; mahali pale hana tena la kusema.